Pembe ya Tulizo

Rangi haiungi pembe. Ndivyo alivyosema Tausi sasa hivi, akamcheka Isaria mpaka penseli ikamdondoka, na Isaria naye akanuna. Kisha wote mkanigeukia: Babu Hango, methali hiyo imetoka wapi? Ebo! Mnaitumia kuchekana na wala hamjui ilikotoka. Haya, kaeni chini. Wekeni hizo penseli vizuri, zisivunjike ncha, mimi sina wembe wa kuzichonga kila saa. Methali hii haikuanza zamani za mababu, wala haikuletwa na mgeni. Ilianza na mkono huu wangu wa kulia. Nitawaambia ilivyoanza, ingawa si habari ya kunipa sifa.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mhudumu wa josho hili hili ambalo leo limejaa magugu. Siku za kazi zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Wafugaji walileta ng'ombe, mimi nikakoroga dawa ya kupe, ng'ombe wakatumbukia mmoja mmoja upande ule, wakaogelea, wakatokea upande huu. Wakishatoka walizuiwa kwenye kile kizizi cha sakafu ya saruji ili wachuruzike na dawa irudi shimoni. Walisimama pale robo saa nzima, wamelowa, wametulia, hawana la kufanya. Nami nilikuwa sina la kufanya. Ndipo nilipoanza kuchora.

Msidhani nilizaliwa najua. Ng'ombe wangu wa kwanza nilimchora kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo ya dawa, na wachungaji walipomwona walishika mbavu kwa kicheko. Mmoja akaniuliza, "Hango, hii meza umeiwekea mkia wa nini?" Alisema kweli. Nilikuwa nimechora miguu minne iliyonyooka, kwa sababu kichwani mwangu ng'ombe ana miguu minne iliyonyooka. Ijumaa iliyofuata nikamtazama ng'ombe mwenyewe, nikaona mguu wa nyuma una kona yake inayoelekea nyuma, na wa mbele unakunjika kwa namna nyingine kabisa. Jamani, nilikua nao, nikawachunga, nikawakamua, na siku zote hizo sikuwahi kuwaona! Nikaifuta ile miguu, nikaanza upya.

Nilijifunza hivyo, kwa kufuta. Nilijifunza kuanza na mstari wa mgongo, kutoka nunduni hadi kwenye shina la mkia, kwa sababu ng'ombe hakai akusubiri. Akigeuka, ukiwa na mgongo wake umeshampata. Karatasi zangu zilikuwa migongo ya kalenda za miaka iliyopita. Bwana Mifugo wa tarafa alipoona nimekazana, aliniletea kibati cha rangi za maji walichokiacha watoto wake, rangi nane na brashi moja iliyonyonyoka. Wekundu wa ng'ombe wetu haukuwemo kwenye kile kibati. Nikautengeneza mwenyewe, kwa kuchanganya rangi ya kahawia na udongo wa kichuguu niliousaga na kuuchekecha kwa kitambaa. Baada ya miaka miwili mtu akipita ukutani alikuwa anasema, "Huyo si yule fahali wa Mzee Sungi?" bila kuambiwa na mtu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu watu walianza kuniomba picha. Mzee Sungi alikuwa wa kwanza. Fahali wake alikuwa amekonda kwa kiangazi, mbavu zinahesabika. Mimi nikazifunika mbavu kwa rangi, nikamnenepesha. Mzee alifurahi, akaniletea jogoo. Mwingine nikamwinulia ng'ombe wake nundu. Mwingine nikamfutia kovu la fisi pajani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi niliyatia, tena mengi. Nikawa sitazami tena ng'ombe. Nilikuwa natazama uso wa mwenye ng'ombe, nione kama anatabasamu.

Sasa sikilizeni vizuri. Palikuwa na mama mmoja mjane, akiitwa Mama Elipendo. Elipendo alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Binti alipoolewa, wakwe walileta mahari yao, na ndani ya mahari alikuwemo ng'ombe wa mkaja. Ninyi wa siku hizi mmeshasahau maana yake, kwa hiyo nawaeleza. Ng'ombe wa mkaja ni wa mama wa bibi harusi peke yake, kwa uchungu alioupata siku ya kuzaa. Na alikuwa na miiko yake. Hakuchomwa chapa ya chuma kama ng'ombe wengine. Na kama alikuwa na kilema, kilema hicho hakikutajwa na mtu yeyote. Kukitaja kulikuwa ni kusema, "Wakwe zako walikudharau." Basi watu walinyamaza.

Ng'ombe aliyeletwa alikuwa mwekundu, mwenye doa jeupe begani, na pembe yake ya kushoto ilikuwa imevunjika katikati. Wakwe walikuwa maskini, walileta walichokuwa nacho. Mama Elipendo alimpokea kwa mikono miwili, akampa jina la Tulizo. Mimi nilimwona Tulizo hapa joshoni kila wiki, na kila mtu aliiona ile pembe. Hakuna aliyeisema.

Mwaka haukuisha, Elipendo akafariki siku ya kujifungua. Akaacha kitoto cha kike. Bibi akakichukua, akakilea kwa maziwa ya Tulizo, asubuhi na jioni. Kitoto kikakubali, kikanenepa. Yule mama alikuwa hana kingine duniani, ila mjukuu mgongoni na ng'ombe zizini.

Siku moja alikuja hapa, akaketi pale kwenye lile jiwe. Akaniambia, "Mwanangu Hango, nasikia unachora ng'ombe mpaka wanataka kulia. Nichoree Tulizo."

"Nitamchora, Mama," nikasema. "Utamtundika sebuleni?"

"Nitamtundika karibu na kitanda. Elipendo hakuwahi kupigwa picha hata moja. Sura yake inaanza kunitoka. Tulizo ndiye alama yake niliyobaki nayo, na ng'ombe ni kiumbe, naye atakufa. Nichoree ili nisipoteze vyote."

Wajukuu zangu, sijawahi kuchora kwa moyo kama nilivyochora siku zile. Nilikwenda nyumbani kwake siku tatu mfululizo. Nilishika mgongo, nikashika shingo na mikunjo yake, nikashika lile doa la begani na kila kona yake. Nilisaga udongo upya mara mbili mpaka wekundu ukakubali. Siku ya tatu zilibaki pembe. Nikachora ya kulia. Nikafika kwenye ya kushoto, brashi ikasimama.

Niliitazama ile pembe. Nikamtazama yule mama akimpakata mtoto wa marehemu. Nikajisemea, nitamwekea kilema karibu na kitanda, akitazame kila akiamka? Nitachora kile ambacho kijiji kizima kimekinyamazia? Nikamwonea huruma. Nikaiunga ile pembe. Niliichora nzima, imepinda vizuri, imelingana na mwenzake.

Nilipompa picha aliitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole mgongoni, begani, kichwani, kikafika kwenye pembe ya kushoto, kikatulia pale.  Akasema, "Ahsante, mwanangu. Umempendezesha." Nami nikaondoka kifua mbele. Mpumbavu mimi!

Kiangazi kile wezi wa mifugo walipita. Asubuhi moja Mama Elipendo aliamka akakuta zizi liko wazi, Tulizo hayupo. Mtoto alilia siku ile mpaka sauti ikakauka. Majirani walichangia maziwa, lakini kilikuwa kiangazi, na ng'ombe wa kila mtu walikuwa wamekaukiwa. Siku ya nane mpita njia akasema amemwona ng'ombe mwekundu wa namna ile kwenye mnada wa Ngulwe, mwendo wa siku mbili kwa miguu.

Mwenyekiti wa kijiji akaandika barua. Ng'ombe hana chapa, aandike nini? Pembe ilivyo hawezi kuitaja, ni mwiko, tena amwandikie mtu wa mbali! Akakumbuka picha yangu. Akaandika hivi, na maneno yake nayajua mpaka leo: "Mleta barua hii ameibiwa ng'ombe. Ng'ombe wake ni yule aliye kwenye picha." Akagonga muhuri. Mimi nikasoma, na haki ya Mungu, nilichokiona pale kilikuwa sifa yangu tu. Picha yangu imekuwa barua ya serikali! Sikukumbuka pembe hata kidogo.

Tukaenda, Mama Elipendo na mtoto mgongoni, mimi na picha imeviringishwa ndani ya kanga. Tulifika Ngulwe saa saba mchana. Tulizo alikuwa pale, amefungwa pamoja na ng'ombe wengine kumi na tano wanaongoja lori. Yule mama alimwita mara moja tu, kwa jina lake. Tulizo akainua kichwa, akaja mpaka kamba ilipoishia, akanyoosha shingo, akaulamba mguu wa mtoto uliokuwa unaning'inia. Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nikasema moyoni, basi, kazi imekwisha.

Aliyemshika alikuwa mchuuzi mmoja aliyeitwa Kashinje. Hakuwa mwizi, nawaambia kabisa. Alimnunua mnada uliopita mbele ya watu, na stakabadhi yake alikuwa nayo. Tukaenda wote mbele ya mwenyekiti wa mnada, mzee mmoja mkimya mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akasoma barua, akaisoma tena. Akasema, "Ileteni hiyo picha."

Nikaikunjua juu ya meza. Watu wakasogea, wakaguna kwa kupendezwa. Mwenyekiti akaitazama picha, akanyanyuka, akaenda kumtazama ng'ombe, akazunguka upande wa pili, akarudi akaketi.

"Picha nzuri," akasema. "Lakini huyu ana pembe mbili nzima. Yule pale ana moja na nusu."

Nikaweka kidole juu ya picha. Nikasema, "Mzee wangu, pembe ile ni mimi niliyeiunga. Kwetu ng'ombe wa mkaja hatajwi kilema. Mengine yote yako sawa. Tazama doa, mzee, tazama doa la begani, lina kona tano."

"Doa nimeliona."

"Basi ni yeye!"

Akavua miwani. Hakuwa mkali, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma zaidi. "Kijana, kama mkono wako ulidanganya kwenye pembe, mimi nitajuaje kwamba haukudanganya kwenye doa? Ng'ombe wekundu wenye doa ni wengi. Barua inaniambia nifuate picha. Picha inaniambia siyo huyu."

Mama Elipendo akasema, "Lakini amenijua, baba. Nimemwita akaja."

"Nimeona, mama. Lakini atakayesoma uamuzi wangu hatamwona ng'ombe akija. Rudini na watu watatu wa kushuhudia, nitawasikiliza."

"Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi," nikasema. "Na lori?"

Kashinje ndiye aliyejibu, anatazama chini. "Lori linaondoka saa kumi. Mama, na mimi nimetumwa na mtu. Hawa ng'ombe si wangu."

Nikamsihi Kashinje. Nikamshika mkono mbele za watu. Nikamwambia mwenyekiti anifunge mimi badala ya ng'ombe, watu wakacheka. Mwenyekiti alisema hana amri ya kuzuia mali yenye stakabadhi kwa ushahidi usiolingana, akaita shauri jingine. Saa kumi wakampandisha Tulizo kwenye lori. Alikuwa wa mwisho. Mlango ulipofungwa, nilichokiona kati ya mbao ni ile pembe ya kushoto, fupi, imekatika, imechomoza nje.

Mama Elipendo hakupiga kelele. Aliketi chini, akamfungua mtoto, akamnywesha maji, akambeba tena, akaniambia, "Twende." Tulitembea mpaka jua likaanza kuzama. Mimi nilikuwa nyuma yake na picha yangu kwapani, nikitamani ardhi ipasuke. Tulipofika kwenye mteremko wa mto mkavu akasimama.

"Hango," akasema. "Siku uliponiletea picha niliiona ile pembe. Nikajua umenihurumia. Nikanyamaza, kwa kuwa huruma ya mtu hairudishwi. Mimi nilinyamaza, wewe ukapaka, mwenyekiti wetu akaandika kwa kuzunguka. Tumemficha wote, na tulipomtafuta hatukumpata. Rangi haiungi pembe, mwanangu."

Alisema hivyo tu. Akageuka akaendelea kutembea. Hayo ndiyo maneno mnayoyatumia kuchekana.

Nilikuwa na mbuzi jike mmoja mwenye maziwa. Nilimpeleka kwake siku ile ile tuliyofika nyumbani, nikamfunga kwenye zizi la Tulizo, na kila alfajiri nilizunguka nyumba za wafugaji na kibuyu kuomba maziwa yaliyosalia. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Mtoto aliugua, akadhoofu, akabaki macho tu. Kisha akanyanyuka. Yupo mpaka leo, mnanunua maandazi yake pale njia panda na mnamwita Mama Riziki. Ni mfupi kuliko watu wa kwao wote, na mimi kila nikimwona najua kwa nini.

Kuchora niliacha. Kile kibati cha rangi nilikitupa nyuma ya stoo. Mwezi wa tatu tangu tuliporudi, yule mama akaniita nyumbani kwake. Nilimkuta amekaa mlangoni, picha iko mapajani, na kibati changu kiko pembeni. Alikuwa amekwenda kukiokota mwenyewe.

"Ivunje," akasema.

Sikumwelewa. Nilidhani anataka niichane picha. Akaweka kidole kwenye pembe ya kushoto. "Hii. Ivunje pale ilipokuwa imevunjika."

"Mama, ni mwiko."

"Mwiko umeshamla ng'ombe wangu. Ivunje, nami nitaitaja." Akavuta pumzi, akasema kwa sauti, majirani wakisikia ng'ambo ya uzio: "Ng'ombe wangu wa mkaja alikuwa na pembe iliyovunjika!" Mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga akasimamisha mchi. Hakuna mtu aliyewahi kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwa mama mwenye mkaja.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulitoa kwa mtu. "Siku walipomleta, nilimkuta Elipendo chumbani anachungulia dirishani. Nilidhani analia kwa aibu. Kumbe anacheka. Akaniambia, 'Mama, usihuzunike. Huyo ni mzuri. Hata akichanganyika na ng'ombe mia utamjua kwa ile pembe, hawezi kukupotea.'"

Wajukuu zangu, nililia pale mlangoni kama mtoto. Alama aliyoachiwa na mwanawe ni ile ile niliyoifuta mimi. Nilichukua wembe nikakwangua. Karatasi ikataka kutoboka. Nikachora pembe fupi, nikaweka ule mpasuko, na ile rangi ya kijivu ya ndani, na nywele zilizokuwa zimesimama kwenye shina lake. Nilikumbuka yote, kwa kuwa niliyaona mara ya mwisho kati ya mbao za lori. Nilipomaliza aliipokea, akaitazama, midomo ikamcheza. Akasema, "Ndiye huyu. Na sasa namsikia na mwanangu anavyocheka."

Alipofariki aliacha neno kwamba picha irudi kwangu. Ni ile pale kwenye ukuta wa stoo, mnaiona kila Jumamosi mnapokuja kuchora na hamjawahi kuuliza. Sogeeni. Usiiguse, Tausi, tazama kwa macho. Mnaona pale juu ya pembe fupi, kuna kivuli chembamba kilichopinda? Ndiyo ile pembe niliyoiunga. Nimeikwangua mara nyingi, haitoki. Na tangu siku ile katika kijiji hiki, mshenga akileta ng'ombe wa mkaja, kabla hajanywa hata maji, anataja kilema chake mbele ya watu wote. Ninyi mmeikuta ni desturi.

Basi, Isaria, lete karatasi yako, na uache kununa. Umemchora mbuzi wa kina Tausi, mgongo umeushika, miguu ya nyuma si mibaya. Lakini sikio lake la kushoto lilichanwa na mbwa, na wewe umempa masikio mawili mazima ili Tausi afurahi. Najua, mjukuu wangu. Najua kabisa kwa nini mtu hufanya hivyo. Chukua kifutio. Nenda mpaka zizini, umtazame mbuzi usoni, kisha ulichane hilo sikio pale pale lilipochanika. Rangi haiungi pembe.